Kusafisha na kuhifadhi bunduki ya leseni kwenye unyevu wa Rungwe

Nilirudi Tukuyu kutoka Chunya usiku, mvua ikinyesha tangu Uyole. Bunduki ilikuwa kavu kabisa. Siku zote tulizokaa Chunya halikudondoka tone, vumbi tupu. Nikaiacha ndani ya ala yake ya ngozi, nikaifungia kabatini, nikalala. Wiki tatu baadaye nilipoifungua, mtutu ulikuwa na mstari wa kutu wa rangi ya udongo mwekundu, umefuata mshono wa ala kana kwamba umechorwa kwa rula.

Tangu siku ile sina shaka kwamba huku kwetu bunduki haiharibikii porini. Inaharibikia nyumbani, na mara nyingi ni usiku ule ule wa kurudi, mwenye mali akiwa amechoka na anataka kuoga tu. Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia mlangoni, saa unayoingia.

Nawaandikia wenye bunduki za leseni wanaokaa kwenye baridi na ukungu: Rungwe, Busokelo, Makete, Njombe, Mufindi. Tukuyu na vijiji vyake hupata mvua inayozidi milimita 2000 kwa mwaka, na kuna wiki nzima nguo hazikauki hata zikianikwa barazani. Aliyeko Pawaga au Usangu, kwenye joto, ana shida nyingine ya vumbi na mbao kupasuka, nami nitaigusa kidogo.

Neno moja la sheria kabla ya kazi. Silaha na risasi nchini zinasimamiwa na sheria ya mwaka 2015. Kusafisha, kupaka mafuta na kuhifadhi ni wajibu wa mwenye leseni. Kutengeneza risasi, kujaza upya maganda yaliyotumika, kukata mtutu au kuchezea mfumo wa kufyatulia si kazi ya nyumbani. Risasi nunua kwa muuzaji mwenye kibali, na matengenezo mpelekee fundi wa silaha mwenye kibali. Mjomba, rafiki au fundi pikipiki asiguse.

Vifaa

Huhitaji vingi. Fimbo ya kusafishia inayolingana na kipenyo cha mtutu wako, ya kipande kimoja ukiipata, kwa sababu fimbo za kuunga zina viungo vinavyokwaruza. Brashi ya shaba ya kipenyo hicho hicho. Vitambaa vya pamba: fulana kuukuu iliyofuliwa ikatwe vipande vya mraba. Usitumie nailoni, hainyonyi kitu. Dawa ya kuyeyusha masizi ya baruti, na kwa raifo dawa ya kuyeyusha shaba. Mswaki wa zamani. Mafuta ya bunduki. Tochi ndogo.

Kuhusu mafuta nitasema zaidi, maana hapa ndipo watu wengi wanapokosea kwa nia njema. Mafuta ya alizeti, samli, mafuta ya nazi, yote hayafai. Yakikaa yanaganda kama gundi, vumbi linanasa humo, na siku ya baridi bolti, kile chuma kinachofunga nyuma ya mtutu, inagoma. Oili chafu ya gari ni mbaya zaidi. Imebeba asidi na vumbi la chuma kutoka kwenye injini, kwa hiyo unapaka kile kile unachokikimbia. Iache kwenye nguzo za uzio, huko inafukuza mchwa vizuri. Mafuta ya taa yanasafisha, lakini yakishakauka chuma kinabaki uchi, kwa hiyo ukiyatumia kusafishia ni lazima mafuta halisi yafuate. WD-40 inasukuma maji nje vizuri, ila utando wake ni mwembamba, si wa kuiachia bunduki msimu mzima. Mafuta ya cherehani yanafaa kwa dharura kwenye sehemu zinazosogea, mradi uyarudie mara kwa mara kwa sababu ni mepesi na yanateremka.

Hatua ya kwanza: hakikisha haina kitu

Elekeza mdomo wa mtutu upande ambao risasi ikitoka haitamfikia mtu, na usiuhamishe. Ondoa magazini. Fungua bolti, au kunja shotigani. Tazama kwa macho ndani ya chemba, pale nyuma ya mtutu risasi inapokaa, kisha ingiza kidole cha mwisho ukapapase. Kidole ni muhimu kwa sababu usiku, kwa taa ya chemli au umeme hafifu, macho yanaona kile ambacho moyo unataka kuona. Toa risasi zote, zihesabu, zipeleke chumba kingine na ufunge mlango. Watoto watoke. Ukiitwa nje katikati ya kazi, ukirudi anza upya na kidole.

Hatua ya pili: usiifungue haraka

Alfajiri ya Juni au Julai, Kitulo na Makete nyasi zinakuwa na barafu. Chuma cha bunduki kimeshika baridi ile ile. Ukiingia nayo jikoni ambako sufuria inatoa mvuke na watu wanne wanapumua, unyevu wa hewani unaganda juu ya chuma kama jasho kwenye chupa ya soda baridi. Jasho hilo halibaki nje tu. Liko ndani ya mtutu, chini ya bolti na kwenye skrubu za darubini, na huko kitambaa hakifiki.

Basi ukiingia, iache ndani ya mfuko wake uliofungwa, kwenye chumba kisicho na moto, chini ya kufuli, saa moja au mbili. Mfuko unaifanya ipate joto polepole na unazuia hewa yenye mvuke isiigonge. Ikishalingana na joto la nyumba, ndipo uitoe. Kuanzia hapo usiirudishe tena mfukoni.

Ikiwa imenyeshewa, hesabu ni nyingine. Itoe mara moja, ifute maji kwa kitambaa kikavu, isimamishe mdomo chini kwa dakika chache yachuruzike, kisha endelea na hatua inayofuata usiku huo huo. Kesho asubuhi utakuwa umechelewa.

Hatua ya tatu: masizi ya baruti

Ondoa bolti. Pitisha fimbo kutokea upande wa chemba kwenda mdomoni, kila inapowezekana. Sababu ni hii: ukingo wa mdomo wa mtutu ndipo mahali pa mwisho risasi inapogusa kabla ya kuondoka. Ukiuchubua upande mmoja, gesi inatoka kwa upendeleo na risasi inasukumwa pembeni. Bunduki nyingi zinazosemwa "zimechoka" hazikuchoka. Zimechubuliwa mdomo na fimbo ya chuma iliyoingizwa kutoka mbele kwa miaka. Kama bunduki yako haifunguki kwa nyuma, tumia kamba ya kuvutia kitambaa badala ya fimbo.

Kitambaa cha kwanza kiloweke dawa, kipitishe mara moja, kikitokea mdomoni kitoe na ukitupe. Usikirudishe nyuma, kwani utarudisha uchafu ulioutoa. Rudia na cha pili. Subiri dakika kama kumi. Kisha brashi: isukume mpaka itokeze yote upande wa pili ndipo uivute. Usibadili mwelekeo katikati ya mtutu, nyuzi zinapinda na brashi inakwama. Mara nane au kumi zinatosha. Malizia kwa vitambaa vikavu mpaka kitoke cha kijivu hafifu. Usingoje kitoke cheupe kama kanzu ya Idi, utamaliza fulana zote.

Chemba ina kipenyo kikubwa kuliko mtutu, kwa hiyo kitambaa kilichosafisha mtutu hakikuigusa. Zungushia kitambaa kwenye mswaki au kijiti, uisafishe peke yake, na uikaushe kabisa.

Kama risasi zako ni za zamani za kijeshi

Hii haiwahusu wengi, lakini inaowahusu inawaharibia mtutu ndani ya siku mbili. Fataki, kile kidude kitakoni mwa risasi kinachowasha baruti kikigongwa, zile za zamani, hasa kwenye risasi za akiba za majeshi, zilitengenezwa kwa klorati ya potasiamu. Ikilipuka inaacha chumvi ndani ya mtutu, ndugu wa karibu wa chumvi ya mezani. Chumvi hiyo inavuta maji kutoka hewani, na kwa hewa ya Tukuyu haihitaji kuvuta sana. Mafuta hayayeyushi chumvi. Unaweza kupaka mafuta juu yake ukalala kwa amani, na kutu ikaendelea chini ya mafuta.

Dawa yake ni maji. Askari wa Kiingereza waliobeba raifo za .303 walimimina maji yanayochemka kwa faneli kupitia chemba. Fanya hivyo: lita moja hivi, mdomo chini ndani ya ndoo, mbao zikifunikwa zisilowe. Chuma kikipata moto, maji yanayobaki hukauka yenyewe. Pitisha vitambaa vikavu, kisha mafuta mtutu ukiwa bado vuguvugu. Bolti nayo ioshwe usoni, pale inapogusana na fataki.

Gobore zinazotumia baruti nyeusi zinafuata njia hiyo hiyo. Mabaki ya baruti nyeusi yananyonya unyevu na yanayeyuka kwa maji ya moto yenye sabuni. Wazee waliosafisha gobore kwa maji walikuwa sahihi.

Shaba, kwa wenye raifo

Risasi nyingi za raifo zimevikwa koti la shaba, na koti hilo huacha utando mwembamba kwenye mifereji ya mtutu. Angaza tochi mdomoni ukitazama pembeni. Ukiona wekundu unaong'aa kama senti, hiyo ni shaba. Dawa zake nyingi zina amonia. Kitambaa kikitoka cha bluu au kijani, dawa inafanya kazi. Kikiendelea kutoka hivyo, shaba bado ipo.

Fuata muda ulioandikwa kwenye chupa, usiiache dawa ya amonia ndani ya mtutu usiku kucha. Fungua madirisha. Na usiwe na Jik au dawa yoyote ya klorini karibu na kazi hii: amonia ikikutana na klorini inatoa gesi inayochoma mapafu. Ukimaliza, toa dawa yote kwa vitambaa vikavu, kisha kimoja chenye mafuta.

Risasi laini na plastiki, kwa wenye shotigani na raifo ndogo ya .22

Kiswahili chetu kina neno moja, risasi, kwa madini na kwa kitu kinachotoka kwenye mtutu. Neno hilo limehifadhi historia, kwa sababu kwa karne nyingi vitu hivyo viwili vilikuwa kimoja. Hata ile "namba 12" ya shotigani inatokana na madini hayo: tufe la madini ya risasi linalotosha mtutu huo lina uzito wa sehemu moja ya kumi na mbili ya ratili, na kipenyo chake ni kama milimita 18.5.

Madini haya ni laini, na hilo ni jema na baya. Risasi ya .22 isiyovikwa koti, au tufe la shotigani, ikisukumwa na gesi ya moto inaacha madini kwenye kuta za mtutu. Inaacha mengi zaidi ikiwa haikuziba vizuri: gesi inapenya pembeni mwake na kuyeyusha ukingo wake kama upepo unavyokula mshumaa. Ndiyo sababu watengenezaji huweka kizibo kati ya baruti na marisaa, zile punje za shotigani, zamani cha sufu iliyoshindiliwa na karatasi ngumu, siku hizi kikombe cha plastiki. Kizibo kinaizuia gesi na kinayalinda marisaa yasisuguane na chuma. Ila plastiki nayo inaacha utando wake, na unyevu unajificha chini ya utando huo. Nimewahi kuona mtutu unaong'aa kama kioo. Fundi alipoondoa plastiki, chini yake tukakuta vishimo vya kutu.

Tafuta mahali pawili: mbele kidogo ya chemba, pale mtutu unapoanza kubana, na karibu na mdomo kwenye mbano wa mwisho. Madini ya risasi yanaonekana kama mistari ya kijivu isiyo na mng'aro. Plastiki ni kama ukoko mweusi.

Namna ya kuyaondoa: chukua brashi ya shaba iliyochakaa, izungushie nyuzi za stiliwaya ya shaba, ile ya kusugulia sufuria, mpaka ikaze ndani ya mtutu. Lakini kabla ya kuzungushia, ijaribu kwa sumaku. Stiliwaya nyingi sokoni, hata zenye rangi ya shaba, ni chuma kilichopakwa rangi. Sumaku ikinasa, irudishe jikoni, itakukwaruzia mtutu. Ya shaba halisi ni laini kuliko chuma cha mtutu, kwa hiyo inakwangua madini bila kuumiza. Weka dawa, sugua kwa mwendo mrefu mara kumi, futa, tazama, rudia. Utaona vipande vidogo vya kijivu kwenye kitambaa, kama magamba ya dagaa.

Sasa onyo, na naliandika kwa uzito wote. Chunya ni wilaya ya dhahabu, na zebaki inapatikana kirahisi. Atatokea mtu akwambie ujaze zebaki kwenye mtutu, izunguke, madini ya risasi yatajishika nayo yatoke. Ni kweli yatashikana, na njia hiyo iliwahi kutumika zamani. Lakini mvuke wa zebaki unaingia kwenye ubongo na figo, chumba ulichofanyia kazi kinabaki na zebaki kwenye nyufa za sakafu, na watoto wako ndio wanaotambaa hapo. Usifanye. Vilevile usichanganye siki na haidrojeni peroksaidi, kama wengine wanavyoelekeza. Mchanganyiko huo unayayeyusha madini ya risasi kweli, ila unayageuza chumvi ya sumu inayoingia mwilini kwa urahisi.

Madini ya risasi yenyewe ni sumu hata bila kuyeyushwa. Kwa mtoto hakuna kiasi kilicho salama. Usile, usivute sigara wala kunywa chai ukiwa kwenye kazi hii. Vaa glavu za mpira. Vitambaa vilivyotumika vifunge kwenye mfuko, usivichome jikoni. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kumshika mtoto, na mama mjamzito asikae kwenye chumba hicho.

Nje, na mbao

Futa chuma chote kwa kitambaa chenye mafuta kidogo. Kidogo maana yake utando usioonekana, mtutu usichuruzike. Alama za vidole zina chumvi ya jasho, kwa hiyo kufuta kunakuwa jambo la mwisho, na baada yake shika kwenye mbao tu.

Kutu changa ya juujuu iondoe kwa mafuta na stiliwaya laini kabisa ya mafundi seremala, ile ya namba 0000, kwa mkono mwepesi. Kipande cha shaba ya njano kinakwangua kutu bila kuchana chuma. Msasa usiufikirie hata kidogo. Kutu iliyokwisha kuchimba vishimo ndani ya chemba au mtutu si yako tena, mpelekee fundi wa silaha aamue kama bado inafaa kufyatuliwa.

Mbao zinavuta unyevu kama sifongo. Raifo iliyokaa Tukuyu msimu wa mvua inavimba kitako, mbao inausukuma mtutu upande, na risasi zinahama shabaha bila mwenye bunduki kuelewa kisa. Chukua noti ya shilingi elfu moja, ipitishe kati ya mtutu na mbao, kutoka mbele kurudi nyuma. Kama raifo yako iliundwa mtutu usiguse mbao, noti ipite bila kukwama. Ikianza kukwama mahali ambapo zamani ilipita, mbao imevimba. Ukiipeleka bunduki hiyo Pawaga au Chunya kwenye joto kavu, mbao inasinyaa na skrubu zinalegea. Zikague kabla ya kupiga.

Paka mbao mafuta ya kitani yaliyopikwa, utando mwembamba, acha ukauke siku nzima, rudia. Kitambaa ulichopakia usikikunje ukakitupa pembeni. Mafuta ya kitani yanapokauka yanatoa joto, na kitambaa kilichofinyangwa kinaweza kushika moto chenyewe bila kiberiti. Kitandaze nje juu ya jiwe, au kiloweke kwenye maji.

Kuihifadhi

Hapa ndipo nilipokosea mimi. Ala ya ngozi ni ya kubebea, si ya kulazia. Ngozi imeiva kwa chumvi na asidi, na ikipata unyevu inavipeleka kwenye chuma. Mfuko wa sifongo na wa turubai nao unashika maji. Bunduki ilale uchi, ndani ya kabati la chuma lenye kufuli, lililofungwa ukutani, pasipo ukuta unaotoa jasho. Nyumba nyingi za huku ukuta wa upande wa mvua una unyevu mpaka ndani, usiliegemeze hapo.

Usiiweke juu ya dari la jikoni kwa kudhani moshi unaikausha. Mahindi, sawa. Moshi wa kuni una asidi, masizi yananyonya maji, na joto linapasua kitako.

Usiiweke kwenye stoo ya mbolea. Nyanda za Juu Kusini nyumba nyingi za wakulima zina mifuko ya Urea, CAN au SA kona moja. Mbolea hizi zinavuta maji, na vumbi lake likitua kwenye chuma linakula kwa kasi kuliko mvua yenyewe.

Ndani ya kabati weka silika, zile punje zinazonyonya unyevu. Pakiti ndogo za kwenye viatu hazitoshi, tafuta nusu kilo, za aina inayobadilika rangi. Zikibadilika zimeshiba. Zikaange kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, mpaka rangi irudi, na kikaango hicho kisirudi kupikia. Punje za mchele hazifanyi kazi hii, usipoteze chakula.

Isimamishe mdomo chini, au ilaze. Ikisimama kitako chini, mafuta yanateremka polepole hadi kwenye mbao, na baada ya miaka mbao inalainika pale inapobeba mshtuko wote.

Na usizibe mdomo wa mtutu kwa kitambaa. Kwanza unafungia unyevu ndani. Pili, siku utakayotoka kwa haraka utakisahau.

Kuanzia Desemba hadi Mei mimi hufungua kabati kila Jumapili ya pili, natazama kwa tochi, nafuta. Kiangazi mara moja kwa mwezi inatosha.

Risasi zenyewe

Ziweke mahali pakavu, pa baridi ya wastani, chini ya kufuli lake peke yake. Usizipake mafuta: mafuta yanapenya kwenye fataki na kuiua, nawe utasikia mlio wa "tik" wakati unahitaji kitu kingine. Ikitokea hivyo, usifungue bolti papo hapo. Endelea kuelekeza mdomo salama, hesabu hadi sitini, ndipo ufungue. Usiziache kwenye mkanda wa ngozi, maganda yanaota kutu ya kijani.

Usiziweke karibu na zizi wala banda la kuku. Enzi za Waingereza nchini India, maganda ya risasi yaliyohifadhiwa kwenye mazizi ya farasi msimu wa masika yalipasuka yenyewe, bila kufyatuliwa. Chanzo kilikuja kueleweka kuwa ni amonia ya mkojo wa farasi kwenye hewa yenye unyevu, ikila shaba ya njano iliyokwisha kukazwa kiwandani. Zizi la ng'ombe wa maziwa la Rungwe lina vitu hivyo vyote viwili. Ganda lenye ufa, doa la kijani lililochimba, au lililobonyea, usilipige. Lirudishe kwa muuzaji au ulikabidhi polisi.

Kabla ya kufyatua tena

Toa bolti, tazama mwanga kupitia mtutu. Kila mara, hata kama uliiweka mwenyewe jana. Nyigu wa udongo anaweza kuujenga mdomo wa mtutu kwa siku moja, na udongo wake ukikauka ni mgumu kama tofali. Risasi ikikuta kizuizi, hata kidogo, mtutu unavimba au unapasuka karibu na mkono na uso wako. Ukiwa porini kwenye mvua au tope unaweza kuufunika mdomo kwa utepe mwembamba wa fundi umeme, tabaka moja juu yake bila kuingiza kitu ndani, na uutoe ukifika nyumbani.

Kisha pitisha kitambaa kikavu kwenye mtutu na kwenye chemba, mafuta yote yatoke. Chemba yenye mafuta hailiruhusu ganda kushika kuta, na nguvu yote inarudi kwenye bolti. Kwenye baridi ya Makete futa pia grisi kwenye pini ya kupigia, kwa sababu grisi nzito ikiganda inaichelewesha na fataki haiwaki. Tone moja la mafuta mepesi linatosha hapo.

Risasi ya kwanza kutoka kwenye mtutu uliosafishwa mara nyingi haiangukii pale zinapoangukia za baadaye. Ipige kwenye karatasi, uwanja wa shabaha, mita 100, na uandike kwenye daftari imehama kiasi gani na upande gani. Rudia kila baada ya usafi mkubwa. Baada ya mara nne au tano utakuwa unaijua bunduki yako.